Sarafu ya Mgeni

Dereva wa tingatinga ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba nyumba ile inajibu.

"Bosi, sikiliza," alimwambia Inspekta hata kabla ya salamu. "Mimi nimebomoa nyumba arobaini na ushee. Maduka, maghala, kituo cha polisi pia nimeshakilaza chini, samahani. Kabla sijawasha mashine huwa nazunguka nagonga kuta, nijue wapi pagumu, wapi pepesi. Leo nimegonga hapa nyuma. Ngo, ngo, ngo. Nikanyamaza. Na ndani kukajibu."

"Kukajibu nini?"

"Ting. Ting. Ting." Aliinua vidole vitatu. "Mara tatu, kama nilivyogonga. Na nyumba haina mgeni hata mmoja. Umeme wenyewe umekatwa tangu juzi."

Mtu mwingine angecheka. Inspekta hakucheka. Pale kituoni walimwita Jicho Kavu, maana akikuangalia hapepesi, unajikuta unakiri hata ulichoota.

"Chumba gani?"

"Ukihesabu kutoka kule mwanzo, cha nne."

Saa nane na robo mchana, na jua limekaa juu ya mabati kama limelipia chumba. Nyumba yenyewe ya wageni ilikuwa ndefu, ya chini, vyumba kumi na viwili vimepangana kama mabehewa, varanda mbele, matundu ya hewa nyuma. Ilikuwa imeshauzwa. Saa kumi kamili ilikuwa inalazwa chini, karatasi ina mihuri miwili. Inspekta hakuwa na karatasi ya kuzuia. Alichokuwa nacho ni faili la miaka kumi na mmoja na amri ya mkuu wake: nenda kaangalie, rudi ufunge.

Faili lilikuwa jembamba. Dereva wa lori la masafa alilala hapa akiwa njiani kwenda mpakani, amebeba nyaya za shaba. Asubuhi yeye hayupo, lori halipo. Siku ya tatu lori likaonekana ng'ambo ya mpaka, tupu, milango wazi. Mpelelezi wa wakati ule akaandika maneno matatu: kaiba, kavuka, katoroka. Kwisha habari.

Kwisha habari kwa kila mtu isipokuwa dada mtu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya varanda tangu asubuhi, mkoba magotini, mgongo umenyooka, kama anasubiri kuitwa jina lake.

"Afande, wameniambia saa kumi."

"Najua."

"Mama yetu hatoki nje ya geti. Akienda dukani wanamwita mama mwizi, kwa hiyo haendi. Miaka kumi na mmoja haendi. Leo namuaga nakuja huku, ameniuliza swali moja tu. Hajauliza yuko hai au amekufa. Ameuliza: alivuka au hakuvuka?"

Inspekta akakaa kando yake. Akatoa simu, akafungua picha ya ukurasa wa kumi na mbili wa faili, akaivuta kwa vidole viwili mpaka mwandiko ukajaa kioo.

"Hapa. Maelezo ya shahidi wa tatu, mama aliyekuwa anafanya usafi na kushona mapazia. Soma."

Dada akasoma kwa sauti, polepole. "'Shahidi anadai aliokota sarafu ya kigeni. Haihusiani na shauri.'" Akainua uso. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. "Sarafu gani?"

"Haijaandikwa. Madereva wa masafa mifuko imejaa sarafu za kigeni, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa."

Dada akaingiza mkono ndani ya kola, akavuta uzi. Kwenye uzi ilining'inia sarafu ya shaba yenye tundu katikati, kubwa kama kifungo cha koti.

"Baba alituletea mbili kutoka safari zake. Hii yangu. Yake aliifunga kwa waya kwenye ufunguo wa lori. Kila akipita mpaka, geti likifunguka tu, anaikwaruza ukingoni kwa kisu. Alama moja kwenda, alama moja kurudi. Kwa hiyo akiwa nyumbani zilikuwa jozi siku zote. Mbili, nne, sita, hivyo hivyo."

"Mara ya mwisho zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nane. Alinihesabisha mezani. Akasema dada, nikirudi zitakuwa ishirini."

"Kwa hiyo tukiipata, na ikawa na kumi na tisa..."

"Basi alivuka," dada alisema. "Alivuka na mzigo wa watu, na mimi nimebishana bure na dunia nzima."

Ndani ya nyumba kitu kikalia. Ting. Mara moja tu, kidogo, kama kijiko kinachogusa ukingo wa kikombe. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa mfuko wa plastiki.

Wakatazamana. Inspekta akasimama.

Kwenye ukumbi mrefu nyuma ya varanda kulikuwa na giza la mchana, lile la nyumba iliyong'olewa taa. Milango yote ilikuwa wazi isipokuwa mmoja. Inspekta akawasha tochi ya simu, akafuata sauti ya kitu kidogo kinachoangukia bati. Tik. Tik. Ilitoka chumba namba kumi na moja.

Ndani, sakafuni, alikaa mama mtu mzima, miguu imenyooshwa mbele, pazia mapajani na wembe mkononi. Alikuwa anafumua pindo la chini, uzi baada ya uzi, na kila akifungua sentimita chache sarafu moja inadondokea kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga. Wageni walimwita Bi Sindano, na baada ya miaka yote hiyo hata yeye mwenyewe ukimwita vingine hageuki.

"Shikamoo mama," Inspekta alisema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa kubomoa au wa kununua milango?"

"Wa polisi."

"Aah. Mmechelewa kidogo." Tik, sarafu nyingine. "Karibu, lakini viti wameshachukua."

Inspekta akachuchumaa, akamulika kopo. Sarafu zilikuwa mamia. Nyeupe, nyekundu, za pembe nane, zenye ndege, zenye wafalme waliokwishasahaulika. Ubavuni mwa kopo kulikuwa na maandishi ya rangi ya mlango: ZA WAGENI.

"Unazipeleka wapi hizi?"

"Hilo ndilo swali. Nimezunguka nazo mjini siku tatu. Benki wamekataa. Wabadilisha fedha wanasema mama, sisi noti tu, chuma hatuli. Nikatia mbili kwenye sanduku la sadaka, nikaitwa mbele ya watu nikarudishiwa. Kijana wa duka la simu eti nikayeyushe nitengeneze sufuria." Aliguna. "Madereva walikuwa wanaziacha chini ya mito, kwenye sahani ya sabuni. Zimewachosha mifuko, na wakirudi kwao hazinunui hata kiberiti. Mimi kutupa pesa ya mtu siwezi. Nikawa nazishona kwenye pindo. Pazia bila uzito linapepea kama sketi ya mtoto. Za chumba cha kwanza pazia la chumba cha kwanza, za cha pili la cha pili."

"Kwa nini usichanganye?"

"Mwenyewe akirudi akaulizia, nitamwambia nini?"

Inspekta akawasha tena ile picha ya ukurasa wa kumi na mbili. "Mama, miaka kumi na mmoja iliyopita ulimwambia askari kwamba uliokota sarafu ya kigeni."

Wembe ukasimama.

"Sikusema hivyo."

"Imeandikwa hapa."

"Nisomee, miwani sina."

Inspekta akamsomea. Bi Sindano akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka wembe sakafuni taratibu, kama mtu anayeweka kitu kisichotakiwa kuamka.

"Sarafu za kigeni ninazo ndoo nzima, mwanangu. Nifunge safari mpaka kituoni kwa sababu ya sarafu ya kigeni, nina wazimu? Nilisema ya *mgeni*. Nimeokota sarafu ya mgeni. Ya yule mgeni! Yule askari alikuwa anakula karanga, anaandika huku anatafuna. Nikamrudia mara mbili. Akaniambia nimeshaelewa mama, nenda."

Ki badala ya m. Basi. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imekaa juu ya kosa hilo.

"Uliiokota wapi?"

"Namba nne."

"Daftari la wageni linasema alilala namba tisa."

"Daftari alikuwa anaandika mwenye nyumba. Mimi naandika kwa shuka. Kitanda cha namba tisa nilikitandika jioni, asubuhi nikakikuta vile vile, hata mkunjo hakina. Cha namba nne ndicho kilichokuwa kimelaliwa. Na kumeshapigwa deki." Aliinua kidole. "Deki humu napiga mimi. Ndoo yangu nikaikuta imefunikwa kichwa chini. Mimi sifuniki ndoo. Sarafu ilikuwa chini ya mguu wa kitanda, yenye tundu, na kipande cha waya kimekatika."

"Sasa iko wapi?"

Bi Sindano aligeuza shingo kuelekea ule mlango mmoja uliofungwa. Na kama vile umeitwa, ukumbi ukatoa sauti yake. Ting. Ting.

"Niliishona. Ndiyo ya kwanza kabisa, kona ya kushoto. Mapazia yote haya nafumua mimi. Lile silifumui. Mtanisamehe."

"Afande! Karibu sana, umekuja kuiaga nyumba?"

Sauti ilitoka mwisho wa ukumbi. Mwenye nyumba alikuwa mtu mnene wa miguu midogo, shati limepigwa pasi, manukato yamemtangulia hatua kumi. Mkononi kulikuwa na shada la funguo ambazo hazikuwa na kazi tena, lakini alizishika kama kawaida.

"Nifungulie namba nne," Inspekta alisema.

"Namba nne? Hamna kitu mle. Panya na vumbi, utachafua sare."

"Sijavaa sare."

Akacheka peke yake. "Afande, chumba kile nilikifunga mwezi mzima kabla yule mwizi hajafika. Kilikuwa kinavuja. Hata kwenye faili nilisema."

"Ulisema. Tumepata habari ya sarafu moja iliyookotwa humo."

"Sarafu!" Alimtazama Bi Sindano, akatikisa kichwa kwa huruma. "Huyu mama na sarafu zake. Afande, madereva mia wamelala hapa na kila mmoja kafunga sarafu kwenye ufunguo. Utamjua nani ni nani?"

Inspekta hakupepesa. "Nimesema ufunguo?"

Manukato yakabaki. Tabasamu halikubaki.

"Ni kawaida yao, nasema tu..."

"Fungua mlango."

Ufunguo ulizunguka bila kukwama. Inspekta aliliona hilo akaliweka kando. Kufuli la chumba kilichofungwa miaka kumi na mmoja, na lina mafuta.

Chumba namba nne kilikuwa na fremu ya kitanda, dirisha dogo lililopigiliwa misumari, na pazia. Lakini pazia halikuwa dirishani. Lilikuwa ukutani, upande wa kushoto wa mlango, kutoka juu hadi sakafuni, rangi ya vumbi, na pindo lake la chini limevimba kama chatu aliyeshiba.

Na lilikuwa linapumua.

Taratibu. Kitambaa kilijaa katikati, kikasogea mbele upana wa kiganja, kikakaa hapo. Halafu kikarudi. Pindo likagusa sakafu. Ting. Kikajaa tena.

Dada mtu, aliyekuwa amefuata nyuma, akajishika kwenye fremu ya mlango.

Inspekta alilowanisha kidole, akakiinua juu. Hakuna upepo. Akajaribu dirisha, limekaza. Akachuchumaa, akashusha mkono mpaka kwenye vifundo vya miguu, na hapo ndipo alipoikuta. Baridi. Nyembamba kama uzi, inatoka chini ya pazia, wakati nje watu wanajifuta jasho.

Akaangalia juu. "Ulisema paa lilikuwa linavuja."

"Sana," mwenye nyumba akajibu.

"Dari ni la zamani, halijabadilishwa. Mbona halina doa?"

"Kwani... maji yalipita ukutani."

"Ndiyo maana ukaweka pazia."

"Kuficha unyevu. Wageni wanapenda kuona pasafi."

"Wageni wa chumba kilichofungwa."

Mwenye nyumba akatazama saa yake. "Afande, imeshafika saa tisa kasoro. Saa kumi nina mashine hapa, na karatasi ninayo."

Inspekta akavaa glavu, akapiga picha ya pindo lote, kipande kwa kipande, kutoka kulia mpaka kona ya kushoto. Akaomba wembe. Bi Sindano akampa kwa kunyoosha mkono tu, miguu yake haikuvuka kizingiti.

Uzi wa kona ile ulikuwa mweusi, wa mkono, mishono mifupi mifupi ya mtu aliyekuwa anatetemeka. Ulikatika kwa mkato wa nne. Sarafu ikateleza kwenye karatasi nyeupe aliyoitandika. Shaba, yenye tundu, na kwenye tundu kipande cha waya kilichonyongwa mpaka kikakatika. Mtu alikuwa ameuhitaji ufunguo kwa haraka.

"Usiiguse," alimwambia dada. "Njoo uhesabu kwa macho."

Akaweka simu juu yake, akaikuza mpaka ukingo ukaonekana kama ukuta wenye mikwaruzo. Dada akapiga magoti. Alihesabu kwa kunong'ona, kidole kikifuata hewani bila kugusa, na alipopita kumi sauti ilizidi kupungua.

"Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba." Inspekta akazungusha karatasi kidogo. "Kumi na nane."

"Endelea."

"Hakuna nyingine."

"Zungusha macho tena, kuanzia ile ndefu."

Dada akahesabu mara ya pili. Kumi na nane. Mara ya tatu. Kumi na nane, jozi, kama siku ile mezani.

"Hakuvuka!" Alisimama mzima mzima, akacheka, machozi yamemtoka. "Afande, hakuvuka! Lori limevuka, yeye hakuvuka! Nilisema! Niliwaambia wote, nilisema..."

Halafu kicheko kikakatika katikati, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kwa sababu mtu ambaye hakuvuka, na nyumbani hakurudi, lazima awe mahali fulani upande huu.

Pazia likajaa. Likarudi.

Ting.

Inspekta alitoka. Akaingia namba tatu. Upande wa kushoto wa mlango kulikuwa na kabati la ukutani, lenye kina cha mkono mzima, la kutundikia nguo. Akaingia namba tano. Kabati, mahali pale pale. Sita, saba, nane. Akapita vyumba vyote mbio mbio, anahesabu kwa vidole, akarudi, akasimama katikati ya ukumbi.

"Vyumba kumi na viwili," alisema. "Makabati kumi na moja."

Akatoa kichwa nje ya dirisha la nyuma la namba tano. "Bwana dereva! Kila kabati lina tundu la hewa huko nje?"

"Lina!"

"Nihesabie matundu!"

Dereva wa tingatinga akapita ukutani anayagusa moja moja. "Kumi na mawili, bosi!"

"Hakikisha!"

"Kumi na mawili! La nne hili hapa, liko wazi, linavuta hewa kama pua!"

Inspekta alirudi namba nne, akalisukuma pazia pembeni kwa mgongo wa mkono. Nyuma yake kulikuwa na ukuta uliopakwa chokaa. Chini kabisa, plasta ilikuwa imeachana na sakafu, mwanya wa unene wa ukucha. Jua linapasha mabati, joto la chumba linapanda, mwanya unavuta baridi kutoka nyuma. Maelezo hayo yangetosha kwenye karatasi. Hayakueleza kwa nini pazia liligonga mara tatu.

"Nani alipiga plasta hii?"

"Fundi," mwenye nyumba alisema.

"Fundi gani?"

"Nimemsahau. Afande, miaka kumi na mmoja..."

Dereva wa tingatinga alikuwa ameshaingia, helmeti kwapani. Aliinama akapitisha kiganja ukutani. "Hii si kazi ya fundi, bosi. Fundi anaanza juu anashuka. Huyu kaanza chini, kapanda, kachoka, juu kamalizia na vidole. Angalia, alama zake hizi hapa." Akaweka vidole vyake kwenye zile alama. Vilikuwa virefu mno. Kisha wote, bila mtu kuambizana, wakatazama vidole vilivyoshika shada la funguo. Vifupi, vinene.

Shada likaanza kulia lenyewe.

"Mama," Inspekta alimwita Bi Sindano, macho hajayatoa kwa mwenye nyumba. "Chumba hiki kilikuwa na sarafu moja tu. Pindo hili lina mamia."

Bi Sindano alikuwa bado nje ya kizingiti. "Mwaka ule ule lilianza kucheza. Yeye aliniambia nishone pazia la kuficha unyevu, nikashona, nikaiweka sarafu yake palepale nilipoiokota, kwenye chumba chake. Usiku nikasikia. Nikasema ni jepesi, nikatia tano. Likaendelea. Nikatia kumi. Mapazia mengine yakijaa, zote za ziada naleta huku. Kila mwaka nafungua kwa ufunguo wangu wa akiba, nazidisha. Halitulii."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema!" Ndiyo mara ya kwanza mama yule kupandisha sauti, na ukumbi mzima ukaisikia. "Nilisema, wakaandika kigeni!" Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa na hofu na kazi ni hii hii. Basi nikafikiria. Hizi zimekataliwa kila mahali, hazina pa kwenda. Na yeye hana pa kwenda. Nikasema zimkalie karibu, asiwe peke yake."

"Huyu mama amechanganyikiwa!" Mwenye nyumba alikuwa ameshafika mlangoni. "Dereva, washa mashine! Saa yangu inasema..."

"Mimi karatasi yangu inasema nibomoe nyumba," dereva wa tingatinga alijibu, akatoa ufunguo wa mashine mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Inspekta. "Mengine haikutaja." Akajaza mlango kwa mabega yake. "Kaa kwanza, mzee. Kitanda hicho hapo."

Inspekta alipiga simu kituoni. Aliongea kwa ufupi: chumba, ukuta, daktari, mpiga picha, pingu nimeshatumia. Kisha akazitumia.

"Sitabomoa," alimwambia dereva. "Nataka tofali moja tu. Juu, usawa wa macho."

Nyundo na tindo. Dereva aligonga kwa adabu, kama anayebisha hodi. Mara ya kwanza plasta ikamomonyoka. Mara ya pili tofali likalegea. Mara ya tatu likatoka zima mkononi mwake, na pumzi ndefu ya baridi ikapita usoni mwao, kavu, inanuka saruji na nguo za zamani.

Pazia, kule pembeni, lilikuwa limejaa nusu. Likashuka. Pindo likagusa sakafu bila sauti.

Walisubiri. Hesabu mpaka ishirini, mpaka arobaini. Halikupanda tena.

Inspekta aliingiza simu na tochi yake kwenye tundu, akachungulia kwa muda ambao kila mtu aliuona mrefu. Aliporudisha kichwa aliuliza swali moja.

"Ndugu yako, viatu vyake vilikuwaje?"

Dada alijibu bila kufikiri, kama anajibu dukani. "Buti za kahawia. Soli ya kulia imelika kuliko ya kushoto. Kwa sababu ya mafuta, ya kukanyaga mafuta na breki. Kila mara alikuwa analalamika kwamba ananunua viatu viwili anavaa kimoja."

Inspekta akaitikia kwa kichwa. Mara moja.

Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye vyuma vya kitanda, anazungumza na magoti yake. Alisema watu waliotaka ile shaba walimwahidi kwamba dereva wa lori atalewa tu atalala, kwamba aliamka katikati, kwamba hakutoa ufunguo. Inspekta alimwambia anyamaze mpaka aandikiwe, na safari hii kila herufi itasomwa.

Dada mtu alitoka varandani. Akapiga simu. Simu ilipokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha, na hata Inspekta, hatua tano nyuma, aliisikia sauti ya kizee ikiuliza bila salamu.

"Alivuka?"

"Hakuvuka, mama." Alishika nguzo. "Hakuvuka. Yuko hapa. Nimempata, nakuja naye."

Kisha ikasikika sauti ya komeo la geti likifunguliwa, na visigino vya mtu vinatoka barabarani.

Magari yalipofika, dada alirudi ndani akainua lile kopo la maziwa. Lilikuwa zito, akaliegemeza kiunoni kama mtoto.

"Mwanangu," Bi Sindano alimwambia, "hizo hakuna benki itakayozichukua."

"Sipeleki benki, bibi. Zilizo kwenye pazia lake nazo, afande akimaliza nazo, nitazifuata. Zimemkalia miaka yote. Zitakwenda naye."

Bi Sindano alimtazama sana. Akavua kanga ya mabegani, akafunika kopo vizuri, akafunga fundo.

Inspekta alikuwa amekaa ukingoni mwa varanda, karatasi mpya ya maelezo juu ya goti. Saa kumi ilikuwa imepita na hakuna aliyeiona. Alimwita Bi Sindano akae kando yake, akamwomba aanze upya, tangu ndoo iliyofunikwa kichwa chini. Aliandika taratibu. Hakutafuna kitu. Alipofika kwenye mstari ule alisimamisha kalamu.

"Hapa nakusomea mama, unisahihishe. 'Wakati nafagia chumba namba nne, niliokota sarafu ya...'"

"Ya mgeni," Bi Sindano alisema.

"M. Ge. Ni."

"Hivyo hivyo."

Akamnyooshea wino. Mama akabonyeza dole gumba, akalishikilia pale chini ya neno lake mpaka Inspekta alipomgusa bega.